Upanga, Kariakoo, Magomeni au Sinza: ukihamia Dar na unataka kutembea kwa miguu

Anayehamia Dar es Salaam huulizwa swali moja na kila anayemwomba ushauri: "Kazi iko wapi?" Akisema Posta, katikati ya mji, anaambiwa Upanga. Akisema Mwenge au Chuo Kikuu, anaambiwa Sinza. Ushauri huo una mantiki, ila unapima safari moja tu kati ya safari zote za siku. Kufuata nyanya na mkaa, dawa ya mtoto, msikitini au kanisani, saluni, kumsindikiza mgeni kituoni: safari hizi fupi ndizo zinazomaliza hela ya bodaboda bila mtu kujua imekwenda wapi, na ndizo zinazoamua kama mtaa unatembeka au hautembeki.

Hapa nalinganisha maeneo manne: Upanga, Kariakoo, Magomeni na Sinza. Yote manne yalipimwa viwanja, kwa hiyo barabara za ndani zipo na zinaunganika. Huingii kichochoro ukakuta kimeishia ukutani kwa mtu. Upanga na Kariakoo zimo kwenye ramani ya mji tangu enzi za wakoloni, Magomeni ilipangwa na Waingereza kuwa makazi ya Waafrika, na Sinza ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja uliopata fedha za Benki ya Dunia.

Masaki nimeiacha kwa makusudi. Njia zake za miguu ni nzuri, na upepo wa bahari upo, lakini mtu wa kipato cha kawaida anayepanga Masaki atatembea sana akitafuta fungu la mchicha. Mbezi, Goba, Tegeta na Bunju ni za wenye gari au wenye subira. Ilala na Temeke zingestahili kuwemo, na mengi nitakayosema juu ya Magomeni yanazihusu pia.

Ninavyopima

Kwa Dar, umbali si tatizo kubwa la mtembea kwa miguu. Tatizo ni jua, maji na giza. Kilomita moja chini ya miarobaini saa nane mchana ni matembezi. Mita mia nne kwenye vumbi bila kivuli, umebeba mfuko wa unga, ni adhabu. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Machi na mwezi Oktoba jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa, na ukuta wa ghorofa haukusaidii kitu. Hapo ni mti au turubai la duka. Giza nalo halisubiri: mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro jioni, maana yake anayetoka ofisini saa kumi na moja na kukuta foleni atashuka kituoni usiku umeshaingia.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni hivi: njia yenyewe na kivuli chake, mahitaji ya kila siku yako umbali gani, ukitaka kutoka mtaani unatoka vipi, masika ikifika kunakuwaje, baada ya saa moja usiku kunakuwaje, na mwisho nyumba na kodi. Kila eneo nalipitisha kwenye vigezo hivyo hivyo.

Njia na kivuli

Upanga ndiyo yenye miti. Mitaa ya ndani, hasa ile iliyo kati ya Barabara ya Umoja wa Mataifa na Ali Hassan Mwinyi, ina miembe, mikungu na miarobaini iliyokomaa, na magari yake si ya kasi. Ubaya wake ni kuta. Upanga ina shule nyingi, ofisi nyingi na hospitali kubwa, na kila kimoja kina ukuta mrefu. Unaweza kutembea mita mia tatu bila kukuta duka wala mtu wa kumsalimia. Magari nayo yanaegeshwa hadi yanagusa ukuta, basi mwenye kigari cha mtoto anajikuta katikati ya lami. Kwa upande wa baharini kuna tunu ambayo maeneo mengine hayana: alfajiri na jioni watu wanatembea Barabara ya Barack Obama na Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022 na lina njia ya waenda kwa miguu. Ni matembezi ya afya, si ya kununua vitunguu.

Kariakoo ni kinyume chake. Mitaa imenyooka na kukatizana kila baada ya hatua chache, kwa hiyo ukikuta Mtaa wa Congo umefunga unakata Sikukuu au Swahili na unafika vilevile. Maghorofa yamebanana na kutoa kivuli kizuri asubuhi na alasiri. Lakini njia ya miguu ni meza ya biashara. Mwaka 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara, na kwa muda watu wakaona vigae vya njia ambavyo hawakujua kuwa vipo; kisha biashara zikarudi kidogo kidogo. Ukitembea Kariakoo saa tano asubuhi unatembea barabarani, bega kwa bega na pikipiki, huku nyuma yako mtu anasukuma mkokoteni wenye marobota ya mitumba hadi haoni mbele, anapiga kelele, "Pisha! Pisha njia!" Hasimami, kwa sababu hawezi kusimama. Mgeni anajifunza haraka kusogea bila kugeuka kuangalia.

Magomeni ina njia za aina mbili, na mtu asidanganywe na ya kwanza. Kando ya Barabara ya Morogoro na Kawawa, ambako mabasi ya mwendokasi hupita, kuna njia za miguu pana za kueleweka, zilizojengwa pamoja na mradi wa mabasi hayo. Ukishaingia ndani, Mikumi au Makuti, lami inakuwa ya kubahatisha: hapa ipo, pale ni mchanga, mbele ni zege alilomwaga mwenye nyumba mbele ya mlango wake. Kivuli ni cha vipande vipande pia, mwembe wa huyu, turubai la yule. Kinachosaidia ni kwamba vizuizi ni vidogo, na nyumba nyingi bado zina kibaraza kinachotazama barabara.

Sinza imebadilika zaidi ya zote. Barabara nyingi za ndani zimewekwa lami au vitofali vya pevingi, na mitaro imejengwa. Barabara ya Shekilango ilipopanuliwa ilipata njia za miguu. Tatizo la Sinza ni kwamba kila nyumba ya mbele imegeuzwa fremu ya duka, na kila fremu imesogeza biashara yake nje: viti vya plastiki vya baa, gari linaoshwa, sanamu za nguo zimesimamishwa katikati ya njia. Miti imekatwa kupisha maegesho. Saa nane mchana Shekilango ni jua tupu.

Mahitaji ya kila siku

Kwa kigezo hiki peke yake Magomeni na Kariakoo hazina mpinzani, ila zinahudumia watu tofauti. Kariakoo ina kila kitu, mradi unanunua kingi. Kitambaa, sufuria, simu, vifaa vya umeme, viungo, madawa ya jumla: vyote viko chini ya dirisha lako. Soko kuu lenyewe, lile la paa la miavuli ya zege alilobuni msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na wafanyabiashara wakatawanyishwa kwenye masoko mengine na kwenye mitaa ya jirani. Hata hivyo, anayeishi Kariakoo atakwambia kitu kigumu kupata ni utulivu wa kununua nyanya nne na kupiga soga na muuzaji.

Magomeni inauza kwa kipimo cha mpangaji. Nyanya kwa fungu, mkaa kwa kopo, mafuta ya kula kwa kipimo cha mia tano, dagaa kwa kijiko kikubwa. Ndani ya mita mia mbili utapata genge, duka la Mangi, wakala wa fedha za simu, mashine ya kusaga, fundi cherehani, duka la dawa na mama wa chapati anayeanza saa kumi na mbili asubuhi. Jioni anakuja wa pweza na wa mihogo. Hospitali ya Magomeni iko hapo hapo, hadi kituo kimoja cha mwendokasi kimepewa jina lake. Soko la Magomeni nalo limejengwa upya.

Sinza ina vya katikati na vya kisasa: supamaketi ndogo, saluni zisizohesabika, jimu, kliniki za meno, maduka ya keki. Masoko madogo yapo, na hospitali ya Sinza Palestina inawatosha wengi kwa mambo ya kawaida. Wanaokaa upande wa Barabara ya Sam Nujoma wanafika Mlimani City kwa miguu. Bei za gengeni Sinza huwa juu kidogo kuliko Magomeni, jambo ambalo halionekani siku ya kwanza.

Upanga ni tajiri wa hospitali na maskini wa magenge. Muhimbili iko humo, Aga Khan iko pembeni baharini, na hospitali binafsi nyingine kadhaa zinafikika kwa miguu. Shule za miaka mingi ziko humo pia: Olympio, Tambaza, Azania, Jangwani, Zanaki. Ukitaka soko, unakwenda Kisutu mjini au unavuka kwenda Kariakoo. Mboga za kila siku unazipata kwa wauza matunda wa kona na kwenye supamaketi, kwa bei ya supamaketi. Mishikaki ya jioni, hata hivyo, sijaona eneo la kuishinda Upanga.

Kutoka nje ya mtaa

Mtembea kwa miguu anahitaji kituo karibu, maana hakuna anayeishi mtaani kwake tu. Mwendokasi ulianza 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi mawili: moja la Gerezani, Kariakoo, jingine la Morocco, Kinondoni, kupitia Barabara ya Kawawa. Magomeni imekaa pale pale tawi la Morocco linapoachana na njia kuu. Anayekaa karibu na kituo cha Mapipa au Usalama anachagua pande nne bila kuhitaji bodaboda. Msongamano ni habari nyingine: asubuhi basi linafika Magomeni limeshajaa watu wa Kimara na Ubungo, na utaliangalia likipita.

Kariakoo ina kituo cha Gerezani, ambacho ni mwanzo wa safari, kwa hiyo unakaa kitini. Ina daladala za karibu kila kona ya jiji. Posta ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, na njia hiyo ni nzuri asubuhi. Treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, inaondokea stesheni ambayo mtu wa Kariakoo mwenye begi dogo anaweza kuifikia kwa miguu.

Upanga inategemea uko upande gani. Upanga Magharibi ina daladala za Muhimbili na inafikia kituo cha mwendokasi cha Fire. Upanga Mashariki inategemea Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Wengi wa Upanga hawapandi chochote kwenda kazini, wanatembea tu hadi mjini, na hilo ndilo linalowafanya wavumilie kodi.

Sinza iko mbali na mjini na hakuna maneno ya kulipamba hilo. Daladala za Shekilango zipo nyingi, na kituo cha daladala cha Mawasiliano, ambacho wengi wanakiita Simu 2000, kiko jirani. Anayekaa karibu na Barabara ya Morogoro anaweza kukifikia kituo cha mwendokasi cha Shekilango. Anayekaa Mori au Makaburini akijaribu kila asubuhi ataingia ofisini shati limelowa. Kwa safari za mikoani Sinza ina unafuu: makampuni mengi ya mabasi yana ofisi Shekilango na Ubungo.

Masika

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukiangalia nyumba Julai au Agosti, umeangalia nusu ya nyumba.

Magomeni na Upanga Magharibi zinapakana na bonde la mto Msimbazi. Maji yakijaa Jangwani, pale barabara inapovuka bonde, Barabara ya Morogoro inafungwa, mwendokasi unakatika, na Magomeni inatenganishwa na mji ingawa majengo ya Posta unayaona kwa macho. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wengi bondeni, na waliookolewa wakahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba za Mkwajuni, Hananasif na Magomeni Suna zilipigwa alama ya X na nyingi zikabomolewa. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo pamoja na daraja refu la Jangwani. Mpaka hapo, ukipanga Magomeni panga juu, upande wa Kawawa, na mbali na Suna. Si eneo zima linalofurika; ni kingo zake.

Sinza ina mto Ng'ombe, ambao umejengewa kingo za zege katika mradi wa kuboresha jiji, na hali ni bora kuliko zamani. Bado waulize majirani wa block yako, kwa sababu mtaro ulioziba taka haujui kama ulijengwa kwa mkopo.

Kariakoo haina mto, ila ina mitaro iliyojaa mifuko ya plastiki na maganda, na mvua ya nusu saa inageuza baadhi ya mitaa kuwa bwawa la maji meusi. Upanga yenyewe ina mabomba ya majitaka ya zamani yaliyobebeshwa maghorofa mapya. Chemba zinafurika, na maji yale siyo ya mvua. Tazama chini ya vifuniko vya chemba mbele ya nyumba unayoonyeshwa. Kama pana alama ya kijivu iliyokauka kuzunguka kifuniko, umepata jibu ambalo dalali hatakupa.

Baada ya saa moja usiku

Miti ile ile ya Upanga inayokupa kivuli mchana inaziba taa usiku. Mitaa ya ndani inatulia mapema, walinzi wako getini kwao wakisikiliza redio, na mtu anayetembea peke yake na simu mkononi anajulikana kutoka mbali. Vishandu, wale wanyang'anyi wa kwenye pikipiki, wanapenda mtaa mpana usio na watu. Wengi wa Upanga wanatembea mchana na kuita bajaji usiku, na hesabu hiyo iweke kwenye bajeti.

Kariakoo usiku ina sura mbili. Hadi saa mbili au tatu kuna watu na taa. Maduka yakifungwa, malori ya mizigo yanaingia, makuli wanashusha, takataka zimerundikana, na baadhi ya mitaa inabaki na mbwa na walinzi tu. Jumapili ndiyo siku ya ajabu: mitaa inafunguka, watoto wanacheza mpira pale ambapo juzi hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu.

Magomeni inalindwa na macho ya watu. Vibarazani kuna wazee na bao, vijana na simu zao, mama na jiko la chapati. Mgeni anajulikana ndani ya wiki, na hilo ni ulinzi na pia ni usumbufu, kutegemea wewe ni mtu wa namna gani. Ila Jangwani usiivuke kwa miguu usiku.

Sinza hailali. Baa, nyama choma, muziki. Taa zipo na watu wapo hadi usiku mwingi. Kutembea saa tatu usiku kutoka kituoni hadi nyumbani Sinza Madukani si jambo la kutisha kama lingekuwa Upanga. Kulala ndiyo shida. Kabla hujalipa, simama nje ya dirisha la chumba cha kulala Ijumaa saa nne usiku, usikilize.

Nyumba na kodi

Upanga na Kariakoo ni ghali, kila moja kwa sababu yake: Upanga kwa utulivu na ukaribu wa mjini, Kariakoo kwa sababu mwenye nyumba analinganisha kodi yako na ya stoo ya mzigo. Upanga utakuta maghorofa ya zamani ya ngazi tatu au nne yasiyo na lifti, yenye vyumba vikubwa na madirisha mapana, pamoja na marefu mapya. Kariakoo nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimebaki chache; mpangaji wa leo anakaa ghorofani. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo na kuua watu, kwa hiyo angalia ghorofa ya chini kabla ya sebule: wakiwa wanachimba au wanaongeza fremu karibu na nguzo, tafuta kwingine.

Sinza ni ya bei ya kati, na ndiyo yenye apatimenti nyingi za kujitegemea kwa watu wawili au familia ndogo. Magomeni ina tofauti kubwa kuliko zote: chumba kimoja chenye choo cha kuchangia kwa bei ya mtu anayeanza maisha, na mita mia mbili mbele apatimenti mpya ya bei ya Sinza. Maghorofa ya Magomeni Kota, ya kaya 644, yalizinduliwa 2022 kwa ajili ya wakazi wa zamani wa eneo lile. Usije ukauziwa maneno na dalali kwamba yanapangishwa ovyo.

Kote kunne utaratibu ni mmoja. Dalali anataka hela ya kukuonyesha, kisha kodi ya mwezi mmoja ikikamilika. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka. Uliza mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako au ya kuchangia, na maji ya DAWASA yanatoka siku zipi. Ukishahamia, jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Utahitaji barua yao siku usiyoitarajia.

Na usipelekwe kuona nyumba kwa pikipiki. Mwambie dalali mkutane kituoni, mtembee. Akianza kulalamika njiani kwamba ni mbali, umeshajua.

Nani akae wapi

Kijana au wanandoa wasio na watoto, kazi Posta, wanaopenda utulivu na wana uwezo: Upanga, karibu na Fire au Muhimbili, ghorofa ya kwanza au ya pili. Wenzao wenye kipato kidogo na kazi ile ile waitazame Magomeni, wakijua kwamba wiki chache za masika watachelewa kazini.

Mfanyabiashara anayefungua duka Kariakoo na kufunga saa mbili usiku, ambaye nyumbani ni pa kulala, akae Kariakoo. Akiwa na watoto wa shule ya msingi, afikirie upya. Mtoto hana pa kuchezea isipokuwa Jumapili, na kumvusha Mtaa wa Msimbazi kila asubuhi ni kazi ya mtu mzima.

Familia yenye watoto wadogo na msaidizi wa kazi inapata zaidi Sinza au Magomeni ya ndani, mahali ambapo mtoto anaweza kutumwa chumvi akarudi. Sinza chagua block iliyo nyuma ya baa kwa mitaa miwili au mitatu. Magomeni chagua karibu na shule kwanza, ndipo uangalie kituo.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au anayefanya kazi Mwenge, Mlimani au Makumbusho, hana sababu ya kukaa mjini: Sinza, upande wa Sam Nujoma. Mwanafunzi wa udaktari au muuguzi wa Muhimbili mwenye zamu za usiku anafaa Upanga Magharibi hata kwa chumba kidogo, kwa sababu kutembea dakika kumi baada ya zamu kunazidi sebule kubwa ya mbali.

Mzee anayekwenda kliniki kila mwezi: Upanga kama kuna nyumba ya chini au lifti yenye jenereta, la sivyo Magomeni karibu na kibaraza cha watu wa rika lake, maana lifti bila umeme humfanya mzee mfungwa wa ghorofa ya tano. Anayetumia kiti cha magurudumu ataona njia za mwendokasi, Magomeni na Kariakoo ya pembeni, ni bora kuliko njia nyingi za ndani, lakini mita hamsini za mwisho hadi mlangoni ndizo za kupima.

Na kama umekuja Dar kutafuta kazi na hujui itapatikana upande gani, usijifunge kwa kodi ya mwaka. Tafuta chumba Magomeni kwa mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu, ambao wapo ingawa hawapendi kutangazwa. Kutoka Mapipa utafika kwenye usaili wa Posta, Kariakoo, Ubungo au Morocco kwa basi moja, na kazi ikishajulikana ndipo uanze kuzunguka na madalali wa Upanga au Sinza.